Lenzi Iliyokosa Kazi: Kuvu na Historia ya Kamera za Mtaani Nairobi

Kamera ya filamu iliyolala sandukuni tangu biashara ya picha za karatasi ilipoanguka ikitolewa leo Kibera, au pale eneo la Kongo huko Kawangware, ili iuzwe, mnunuzi anayejua mambo haanzi na ngozi yake wala kitufe cha kupigia. Anafungua lenzi, anaiinua kwenye mwanga na kutafuta kuvu. Akiikuta, bei inashuka papo hapo, na maelezo yanayofuata ni yaleyale ya siku zote: hewa yetu ina unyevu mno, au mwenyewe hakuitunza. Nadhani maelezo yote mawili yanapotosha. Historia ya upigaji picha Afrika Mashariki, kuanzia studio za Unguja hadi wapiga picha waliozunguka mitaa ya Nairobi, inaonyesha kwamba lenzi zilifanya kazi kwa miongo mingi katika hewa nzito kuliko ya Nairobi, na biashara haikushindwa na kuvu. Kilichobadilika ni kazi yenyewe. Kuvu iliyo ndani ya lenzi ya mtaani hueleza kamera iliacha kutumika lini na ililala katika nyumba ya namna gani. Anayeielewa hivyo atajua pia aishughulikieje.

Tuanze na kitu chenyewe. Kuvu huzaliana kwa mbegu ndogo zisizoonekana kwa macho, ambazo huelea hewani kote duniani, Ulaya kwenye baridi kama Mombasa kwenye joto. Nyingi huingia ndani ya lenzi na hazioti kamwe. Ili ziote zinahitaji mambo kadhaa kwa pamoja: unyevu wa hewa unaofika asilimia 70 au zaidi kwa siku nyingi mfululizo, joto la kati ya nyuzi 10 na 35, giza, hewa iliyotulia, na chakula. Kioo si chakula. Kuvu hula vilivyo juu ya kioo na kando yake: nyuzi za nguo, vumbi la ngozi ya binadamu, alama ya kidole, grisi iliyotoka kwenye pete ya kulengea, rangi nyeusi iliyopakwa ukingoni. Ndiyo maana huanzia pembezoni na kutambaa kuelekea katikati. Jamii zinazopatikana sana ni Aspergillus na Penicillium, ndugu wa zile zinazoharibu mkate na mahindi ghalani. Inapokula hutoa asidi, na hasara ya kudumu iko hapo. Asidi hiyo hula utando wa kuzuia mng'ao uliopakwa juu ya kioo, ambao Alexander Smakula aliubuni katika kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani mwaka 1935. Utando huo una unene wa takriban sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kwa hiyo hauchukui muda mrefu kutobolewa. Kuvu ikiachwa miaka mingi, kioo nacho huanza kuchimbika.

Kuitambua kunataka tochi na subira. Apacha, yaani tundu la kupitishia mwanga, ifunguliwe mpaka mwisho, vifuniko vyote viwili vitolewe, tochi iangazwe kutoka upande wa nyuma wakati jicho linatazama kwa mbele, kisha lenzi iinamishwe polepole ili mwanga upite mshazari. Kuvu changa huonekana kama mizizi midogo: nyuzi nyeupe au za kijivu zinazogawanyika matawi, na kila tawi kuzaa jingine. Iliyokomaa hutengeneza mabaka yenye kitovu. Matawi ndiyo ushahidi, na yasipokuwapo ni vyema kusita kabla ya kutoa hukumu. Vumbi huwa chembe zilizotawanyika bila mpango, kila lenzi ya zamani inalo, na halidhuru picha. Grisi iliyoyeyuka kwa joto na kutanda juu ya kioo huleta ukungu ulio sawasawa, usio na nyuzi, na hufutika kwa urahisi lenzi ikishafunguliwa. Vioo viwili vilivyogundishwa, gundi yake ikianza kuachia, huonyesha rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo. Mambo haya manne huchanganywa mara kwa mara, na anayeyachanganya huumia mfukoni: lenzi yenye ukungu wa grisi inauzwa kwa bei ya lenzi iliyoliwa, na iliyoachia gundi inafunguliwa bure na mtu anayetafuta kuvu isiyokuwapo.

Sasa hoja ya hewa. Ina historia ndefu, nayo ilianza kwa watu waliokuja kutoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji wa Uingereza waliuza kamera maalumu za nchi za joto, kama zile za Sanderson, za mti wa msaji na shaba, kwa kuwa ngozi na gundi za kawaida ziliharibika India na Afrika. Kabla yao, mwaka 1860, James Augustus Grant alipiga picha Unguja alipokuwa akijiandaa kwenda bara pamoja na Speke kutafuta chanzo cha mto Nile. Safarini aliiacha kamera, akachora kwa mkono. Habari kama hizo zimejenga imani kwamba kamera na tropiki ni maadui wa asili. Lakini kilichomshinda Grant kilikuwa usumbufu wa kemikali za wakati ule, ambazo zilitaka picha isafishwe hapohapo ndani ya hema lenye joto kali. Katika kisiwa hichohicho, kabla ya karne hiyo kwisha, A. C. Gomes na J. B. Coutinho, wote wenye asili ya Goa, walikuwa na studio zilizouza picha za watu na za mji. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Mombasa, N. V. Parekh alipiga picha za arusi, za marafiki na za familia kuanzia miaka ya 1940 hadi miaka ya 1980. Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake tangu miaka ya 1960.

Miji hiyo yote iko kando ya bahari, na asubuhi nyingi unyevu wa hewa huko hupita asilimia 80. Kama hewa peke yake ingetosha kuiua lenzi, biashara hizo zisingeishi miaka mitano. Ziliishi miongo kadhaa, nyingine vizazi viwili, na picha zilizobaki zina weusi mzito na weupe safi, jambo ambalo lenzi iliyoliwa hailitoi, kwa sababu dalili ya kwanza ya kuvu nyingi ni picha kupauka. Ukitazama jinsi studio ilivyofanya kazi, sababu haifichiki. Lenzi ilifunguliwa kila asubuhi, ikaelekezwa kwenye taa zenye joto mchana kutwa, ikasogezwa mbele na nyuma, ikafutwa kwa sababu mteja analipia sura yake na hataki doa. Hali mbili ambazo kuvu inazihitaji sana, giza na utulivu, hazikupatikana. Mtu anaweza kusema kwamba lenzi zilizoharibika zilitupwa na sisi tunaziona zile zilizopona tu. Ni pingamizi la haki, na bila shaka zipo zilizotupwa. Hata hivyo halibadili jambo la msingi: studio ya pwani iliweza kumudu kuvu kama gharama ndogo ya kazi, ilhali kamera ya leo ya Nairobi, yenye hewa nyepesi zaidi, inashindwa nayo kabisa.

Pingamizi zito zaidi linatoka vitani, na huko ndiko uchunguzi wa kuvu ya lenzi ulikopewa uzito wa kweli. Katika Vita vya Pili vya Dunia, darubini na vyombo vya kulengea mizinga vilipofuka kwa kuvu katika misitu ya New Guinea. Jeshi haliwezi kupigana na adui lisiyemwona, kwa hiyo wanasayansi wa Melbourne, miongoni mwao J. S. Turner na Ethel McLennan, walipewa kazi ya kutafuta dawa. Walitumia kiuakuvu chenye zebaki kilichowekwa ndani ya chombo chenyewe, na matokeo yao yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1946. Tatizo hilo halikuwa la mbali kwa watu wa Kibera. Mwaka 1944, wakati wa mvua za monsuni za Asia, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafuata Wajapani katika bonde la Kabaw huko Burma, na katika vikosi vya King's African Rifles walikuwamo Wanubi ambao familia zao ziliishi Kibera. Darubini za vitani zilikuwa zikitumika kila siku, ataniambia mtu, na bado zililiwa. Ni kweli, na hapo hoja yangu ina mpaka wake. Mahali ambapo hewa haikauki usiku wala mchana kwa miezi, na chombo kinarudishwa ndani ya mfuko wa ngozi uliolowa, kazi haitoshi. Lakini Nairobi si bonde la Kabaw.

Mji huu uliozaliwa mwaka 1899 kama kambi ya reli uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Januari na Februari, saa nane mchana, unyevu hushuka hata chini ya asilimia 50, na kuvu haiwezi kuota katika hali hiyo.  Kama kuvu inaota hapa, basi tuangalie hewa ya ndani ya nyumba, na nyumba zina historia. Ardhi ya Kibera iligawiwa askari Wanubi wa King's African Rifles na kutangazwa hifadhi ya jeshi mwaka 1918, ekari 4,197. Hati ya kumiliki hawakupewa. Serikali ya kikoloni haikutaka kuwamilikisha, za baada yake ziliichukulia ardhi hiyo kuwa ya umma, na ni mwaka 2017 tu jamii ya Wanubi ilipopata hati ya ekari 288. Mtu asiye na hati hajengi kwa mawe, kwa sababu tingatinga linaweza kuja kesho. Anajenga kwa miti, udongo na mabati. Kawangware ilipita njia nyingine. Ilikuwa sehemu ya ardhi ya Wakikuyu huko Dagoretti, ikaingizwa ndani ya mipaka ya Nairobi wakati wa uhuru mwaka 1963, na wenye mashamba waliokuwa na haki ya ardhi yao wakajenga safu za vyumba vya kupangisha kuzunguka ua mmoja, vingine vya mbao na mabati, vingine vya mawe.

Njia mbili tofauti, chumba kilekile: mita tatu kwa tatu, dirisha dogo au hakuna, kitanda, jiko, ndoo za maji, kamba ya nguo mbichi wakati wa mvua. Jioni ugali unasongwa, maji ya kuoga yanachemshwa, mlango unafungwa kwa usalama. Usiku wa Julai joto la nje linashuka hadi karibu nyuzi 12, na mabati hupoa kabla ya kitu kingine chochote chumbani. Hapa fizikia haina huruma. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 50, ikipoa hadi nyuzi 13, hufikia asilimia 100 bila tone la maji kuongezwa. Alfajiri mabati yanadondosha matone, ukuta wa udongo umefyonza unyevu, na sanduku lililosukumwa chini ya kitanda hadi ukutani liko mahali palipo baridi na pasipo na hewa kuliko pote katika chumba. Ndani ya sanduku hilo kuna hali ya hewa ya Lamu, tena bila taa za studio ya Bakor. Kwa hiyo anayelaumu hewa ya Nairobi analaumu kitu kisichohusika. Kilichohusika ni hati ya ardhi iliyokataliwa, na kodi iliyofanya familia nzima ikae katika chumba kimoja.

Hata hivyo kamera zilikuwamo katika vyumba hivyo kabla ya mwaka 2000, na hazikuwa zikioza kwa wingi. Ni lazima tukumbuke mpiga picha wa mtaani alivyofanya kazi. Alikuwa na kamera moja, lenzi moja ya milimita 50, flashi, na filamu ya pozi 36 iliyohesabiwa pozi kwa pozi. Jumapili alikuwa nje ya kanisa, Idi alikuwa karibu na msikiti, Jamhuri Dei alikuwa Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969 na kuwa studio kubwa ya wazi kwa watu wa mitaa yote. Katikati ya wiki alizunguka nyumba kwa nyumba: mtoto ametimiza mwaka, msichana ameshonewa nguo, kijana amepata kazi na anataka kutuma picha nyumbani, marehemu anasindikizwa. Filamu ilipelekwa mjini kuoshwa, picha zikarudishwa kwa wateja, na pesa ililipwa picha ikipokewa. Mapema miaka ya 1990 serikali ilipolegeza vizuizi vya kuagiza bidhaa na kubadilisha fedha za kigeni, vifaa vilivyotumika vikapatikana kwa urahisi zaidi, na wapiga picha wakaongezeka. Lenzi ya mtu kama huyo ililala chumbani usiku tu. Mchana ilikuwa juani, shingoni, ikigeuzwa na kupepewa. Unyevu wa usiku ulikauka kabla kuvu haijatoa uzi wa kwanza, kwa sababu mbegu inataka siku kadhaa mfululizo na saa nane za usiku hazitoshi.

Halafu kazi ikasimama, na ilisimama kwa kasi. Mwaka 2006 Konica Minolta iliacha kabisa biashara ya kamera, na mwaka huohuo Nikon ikasitisha kamera zake nyingi za filamu. Januari 2012 Kodak iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Mitaani mambo hayo yalifika kwa sura ya simu yenye kamera, na maabara za mjini zilizofunga moja baada ya nyingine mpaka filamu ikawa haina pa kuoshewa. Wengine walihamia kamera za dijitali na printa, wengine video za arusi, wengine waliacha kabisa. Kamera ya zamani haikuuzwa, kwa sababu bei iliyobaki ilikuwa tusi kwa kitu kilichosomesha watoto. Iliwekwa. Ilirudishwa katika mfuko wake wa ngozi, mfuko ukafungwa ndani ya nailoni ili vumbi lisiingie, nailoni ikazungushiwa kitambaa, na vyote vikawekwa sandukuni chini ya nguo.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana na hoja ya uzembe. Kila hatua niliyoitaja ni ya mtu anayejali. Lakini ngozi hushika unyevu na ni chakula cha kuvu, nailoni iliyofungwa usiku wa mvua hufungia hewa mbichi ndani na kuizuia isitoke, kitambaa hutoa nyuzi, na sanduku huleta giza. Kamera iliyoachwa wazi juu ya kabati, ikipata vumbi na mwanga wa mlangoni, ina nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko iliyofungwa kwa heshima zote. Mwenye kamera alitenda kama tunavyotendea nguo za sikukuu na vyombo vya wageni, na hakuna aliyemwambia kwamba kioo kinataka kinyume chake. Vitabu vya maelezo vilivyokuja na kamera hizo viliandikwa kwa Kiingereza au Kijapani, na mara nyingi havikuja kabisa kwa sababu kamera ilinunuliwa ikiwa imeshatumika.

Wapo wanaosema kwamba kuvu huja na mitumba: kwamba lenzi zinazouzwa Luthuli Avenue na kwingineko mjini zilishaoza Ulaya au Dubai kabla ya kufika. Nyingine ndivyo zilivyo, na huo ni uthibitisho zaidi wa ninachosema. Lenzi iliyotoka Uingereza na kuvu ndani yake iliipata katika dari au chumba cha chini cha nyumba yenye baridi, nchi isiyo na tropiki yoyote, baada ya mwenyewe kustaafu au kufariki. Ilikosa kazi huko kama iliyokosa kazi Kawangware. Kuna pia hofu ya maambukizi, kwamba lenzi moja yenye kuvu ikikaa na nyingine zote zitaugua. Hofu hiyo ina chembe ya ukweli, kwa kuwa kuvu iliyokomaa hutoa mbegu nyingi. Lakini mbegu tayari ziko kila mahali, hata ndani ya lenzi iliyo safi. Lenzi mbili zikiugua katika begi moja, ni begi lililoziuguza zote mbili. Kuitenga iliyougua ni tahadhari nzuri. Kuiacha ile iliyo salama ndani ya begi lilelile hakusaidii kitu.

Matibabu basi hufuata sababu. La kwanza ni kuikausha lenzi na kuizuia isiendelee kuliwa, kabla hata ya kufikiria bisibisi. Iwekwe katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na vifaa vya umeme. Silika iliyokwisha kushiba unyevu haifanyi kazi, kwa hiyo imwagwe katika sufuria na kukaushwa juu ya moto mdogo, kisha irudishwe. Mchele, ambao wengi huutumia kwa simu zilizolowa, haufai hapa: unakausha kidogo tu na unaacha vumbi la wanga, ambalo ni chakula. Jua nalo linasifiwa kupita kiasi. Mionzi inayoua kuvu huzuiwa kwa sehemu kubwa na vioo vyenyewe, joto la juani huyeyusha grisi ikatiririka hadi kwenye majani ya apacha, na lenzi iliyoachwa wazi juani inaweza kuchoma inapoangukia nuru yake. Mwanga wa mchana wa kawaida, kivulini, panapopita upepo, unatosha kuidumaza kuvu.

Kuvu iliyo kwenye kioo cha mbele au cha nyuma kabisa hutoka nyumbani. Iliyo ndani inataka fundi, na fundi anataka zana: mpira wa kuzungushia pete ya jina, kifungulio chenye ncha mbili zinazoingia katika vijitundu vya pete za ndani, na nidhamu ya kupiga picha kila hatua ili kioo kisirudishwe kikiwa kimegeuzwa. Kioo kikishatoka kinafutwa kwanza kwa spiriti safi kuondoa mafuta, halafu kwa mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia ya kusafishia, sawa kwa sawa, halafu kwa maji yaliyotoneshwa, na kukaushwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Vioo vilivyogundishwa visilowekwe, vifutwe tu. Na amonia isikutanishwe kamwe na dawa ya kung'arishia nguo kama Jik, kwa sababu hutoa gesi inayoharibu mapafu, na hatari ni kubwa maradufu katika chumba kisicho na dirisha. Baada ya hapo kioo kiangaliwe tena kwa tochi. Nyuzi zikiwa zimekwisha lakini umbo lao limebaki, asidi ilishachora utando, na hakuna sabuni itakayourudisha. Hilo halimaanishi lenzi imekufa. Michoro michache ya pembezoni haionekani pichani isipokuwa mwanga ukiingia lenzi moja kwa moja, na lenzi ya milimita 50 ya zamani, ikipachikwa kwa adapta kwenye kamera ya dijitali ya leo, bado inapiga picha ya mtu vizuri sana. Kijana wa Kongo ya Kawangware anayetaka kujifunza kazi hii bila mtaji mkubwa angefanya vema kuikagua lenzi ya mzee wa jirani kabla ya kukopa pesa ya mpya.

Kuna pingamizi la mwisho, kwamba haya yote ni kazi nyingi kwa vifaa ambavyo simu imeshavipita. Kwa lenzi peke yake ningeweza kulikubali. Lakini lenzi hailali peke yake sandukuni. Chini yake kuna bahasha za hasi, yaani filamu zilizokwisha kuoshwa, na hasi hizo ndizo kumbukumbu pekee ya picha iliyobaki kwa familia nyingi za Kibera na Kawangware, kwa kuwa nakala za karatasi zilitumwa mashambani au zililowa. Nairobi imeshaona thamani ya vitu vya namna hiyo: kazi ya Priya Ramrakha, mzaliwa wa mji huu aliyeuawa akipiga picha za vita vya Biafra mwaka 1968, ilikaa miaka mingi katika gereji ya hapa Nairobi kabla ya kufufuliwa na kutolewa kitabu mwaka 2018. Picha ya hasi hukaa ndani ya tabaka la jelatini, na jelatini hutoka katika ngozi na mifupa ya wanyama. Kwenye kioo kuvu hula vilivyokizunguka tu. Kwenye hasi inakula picha yenyewe, na jelatini iliyoliwa huyeyuka majini, kwa hiyo anayeiosha kwa nia njema huona uso wa mtu ukitoka pamoja na maji. Hasi zenye kuvu zikaushwe polepole kwanza, zisiguswe na maji, zipanguswe kwa brashi laini ya manyoya, kisha zipigwe picha upya juu ya mwanga mweupe. Anayefungua sanduku la kamera na kukuta matawi ndani ya lenzi ashughulikie bahasha kwanza, siku hiyohiyo. Lenzi inaweza kusubiri mwezi mzima ndani ya silika.